Darasa Langu la Kwenye Chai

Mwenyekiti, asante kwa nafasi. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu wa kanisani na wa msikitini, nawasalimu kwa pamoja, maana aibu niliyokuja nayo leo haichagui dini. Mama mhazini wa kikundi chetu aliniuliza mkutano uliopita, "Na wewe utasimama lini utusimulie ulivyoanguka? Kila siku kazi yako kucheka ya wenzako." Basi nimesimama. Chekeni, lakini mkimaliza mnisikilize.

Wengi mnanijua kama utingo wa lori. Nimeanza kupanda lori tangu barabara ya Tunduru ni matope, tunalala njiani tukisubiri ikauke. Mwaka jana dereva wangu, mzee ambaye kwangu ni baba, alisema macho yamechoka, anataka kupumzika. Bosi akaniita. "Ukipata leseni kabla ya msimu wa korosho, usukani ni wako," akasema. "Usipopata, natafuta mtu mwingine." Ndugu zangu, nawaambia, nilirudi nyumbani natembea kama bwana harusi. Mke wangu alianza kuniita dereva kabla hata sijajiandikisha.

Nikaenda chuo cha udereva hapa mjini Songea. Pale unaanza na mtihani wa kuandika: alama za barabarani, sheria, nani apite kwanza. Ukifaulu ndipo unapata lena, ile leseni ya kujifunzia, na kuanza kushika usukani. Darasani tulikuwa mchanganyiko, vijana wa bodaboda, mtumishi mmoja aliyehamia kutoka Mwanza, na dada mmoja wa Matogoro aliyekuwa anakuja na mtoto mgongoni. Mwalimu alikuwa kijana mdogo, anafundisha kitabu mkononi. Mimi nikawa nacheka kimoyomoyo. Huyu mtoto wa juzi ataniambia nini kuhusu barabara?

Wenzangu walipojua kazi yangu, wakaanza kunifuata baada ya kipindi. "Kaka mkubwa, hebu tueleweshe." Basi nikafungua darasa langu, kwenye genge la chai karibu na stendi. Nikawafundisha barabara ninayoijua mimi. Ninyi madereva mliopo hapa mnaijua, msijifanye watakatifu. Lori la mbele likiwasha indiketa ya kulia, linakwambia usipite, kuna gari linakuja. Likiwasha ya kushoto, pita, mbele kweupe. Gari likiharibika, kata matawi utandaze barabarani. Anayekuja akikupiga taa, trafiki wapo mbele, funga mkanda haraka.

Yule dada aliniuliza, "Lakini kaka, mbona kitabu kinasema indiketa ya kushoto maana yake gari linakata kushoto au linasimama?"

Nikamjibu mbele ya wote, "Dada yangu, hicho kitabu hakijawahi kufika Tunduru."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Dada naye akainamisha kichwa, akaandika nilivyosema. Nilijiona mfalme, ndugu zangu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mtihani tukafanya. Siku ya majibu akaja askari wa trafiki mwenyewe. Akachukua karatasi moja, akasoma kwa sauti: "Swali, dereva anayekuja mbele yako amekupiga taa, eleza maana yake. Jibu: trafiki wapo mbele, punguza mwendo, funga mkanda." Akavua kofia, akacheka mpaka akafuta machozi. Akachukua karatasi ya pili, jibu lile lile. Ya tatu, vile vile. "Asanteni kwa kuniambia siri zenu," akasema. Wote waliokunywa chai na mimi tulifeli. Mtumishi wa Mwanza, ambaye hakuwahi kuja gengeni, alifaulu.

Vijana walicheka pamoja na askari. Yule dada hakucheka. Alikuwa anambembeleza mtoto wake huku anatazama sakafu. Sikumwambia pole. Nilitoka nje kama nakwenda kupokea simu, sikurudi.

Nyumbani nilisema majibu bado. Bosi nilimwambia bado wanasahihisha. Vijana wakipiga simu, sipokei. Nikitaka kwenda sokoni, nazunguka mbali ili nisipite karibu na chuo. Mtu mzima, mwenye watoto, najificha kama mwizi wa kuku.

Safari za lori niliendelea nazo. Alasiri moja tunatoka Tunduru, mzee akahisi tairi la nyuma halijakaa vizuri. Akawasha indiketa ya kushoto apate kusimama. Nyuma yetu kulikuwa na gari dogo. Lilipoona ile indiketa, likachomoka kutupita. Na juu ya kilima, mbele yetu, likatokea basi. Nilisikia honi, nikafumba macho. Nilipoyafumbua, lile gari dogo lilikuwa limeingia kwenye majani mbele yetu, na basi limeshapita.

Hakuna aliyeumia, Mungu ni mwema. Tulishuka mbio. Dereva wake ni mtu wa umri wangu, mke wake nyuma amewakumbatia watoto. Akamwambia mzee, "Si mmeniambia nipite!" Mzee akamjibu, "Baba, mimi nilikuwa nasimama." Na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Nilikaa chini pale pembeni ya barabara. Nilimkumbuka yule dada anaandika maneno yangu. Sikuwaza tena usukani wala bosi. Niliwaza kwamba nimewafundisha watu namna ya kufa, tena kwa kicheko. Tulipopanda lori mzee akasema, "Na mimi ndiye niliyekufundisha, mwanangu."

Kesho yake nilirudi darasani. Nikawaambia, "Yale ya kwenye chai futeni yote. Nisameheni." Kijana mmoja akasema, "Tulishafuta zamani, Profesa wa Tunduru." Jina hilo limenikaa mpaka leo. Yule dada akasogeza mkoba wake, akanipa nafasi kwenye benchi, akafungua kitabu. "Soma wewe," akasema. Mimi niliishia la saba, na kusoma nilishaacha. Nikasoma kwa kugugumia, naye ananisahihisha taratibu. Jioni nilimwambia mke wangu ukweli, tukaenda naye kwao yule dada, Matogoro, tunapukuchua mahindi huku dada ananiuliza: pembetatu ya kuakisi inawekwa wapi? Nani ana haki ya kupita kwanza? Nikikosea, tunarudia.

Tulirudia mtihani, tukafaulu. Leseni nikapata baadaye, lakini korosho hazikunisubiri. Bosi alishampa mtu mwingine usukani, na simlaumu. Sasa hivi mimi ni deiwaka, dereva wa mtu akiugua naitwa. Lile lori likipita mjini bado nageuza uso.

Nawashukuru. Mzee wangu, asante. Mke wangu, uliyejua nadanganya ukaendelea kunipikia, asante. Vijana wa bodaboda, hata kwa lile jina, asanteni. Na wewe dada, uliyekaa pale nyuma, sikutaji. Hujawahi kuniambia "nilikwambia." Ninachoweza kuwaachia, ndugu zangu, ni hiki: ukiona watu wanakufuata, ogopa kidogo. Uliza kwanza kama unachowapa umekisoma au umekizoea tu.

Mwaka huu binti yangu mdogo ameanza chekechea. Asubuhi ya kwanza gari la shule liliposimama mlangoni, aliyeshika usukani alikuwa yule dada. Akamfungia binti yangu mkanda, akatazama vioo vyote, akawasha indiketa, akangoja bodaboda ipite, ndipo akaondoka. Nilibaki mlangoni nalia, jirani akadhani kuna msiba. Nilikuwa namshukuru Mungu kwamba yule mwanamke aliacha kunisikiliza.