Goti Nililosema Limepona

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Kitale. Mnaokaa nyuma msisimame ili mnione, kwa maana leo sitachuchumaa.

Mnakumbuka mwaka juzi nilisimama hapa hapa nikawaambia Bwana ameniponya goti. Nikachuchumaa mara tatu mbele ya madhabahu. Mpiga kinanda akanianzishia wimbo, akina mama wakapunga vitambaa. Leo nimekuja kuusahihisha ushuhuda ule. Mimi ni mwalimu wa chuo. Nimesahihisha makosa ya watu wengi, langu nikalipita.

Nilianza kukimbia nikiwa na miaka arobaini na saba, baada ya daktari kunionya kuhusu presha. Katika mji huu, mwanamume mwenye kitambi hakimbii asubuhi bila kujidhalilisha. Kwenye barabara ya Kachibora vijana wa mbio walinipita wakipiga gumzo, bila kuhema, na mmoja wao aliniambia kila siku, "Pole, mzee," kama ninayetoka matangani. Lakini niliyapenda mazoezi. Nikaamua nitakimbia marathoni ya kule kwetu Bungoma, kilomita arobaini na mbili, wanione. Ndugu zangu, hilo "wanione" ndilo lililonipoteza.

Goti la kulia likavimba. Mtaalamu wa viungo akaniambia nipumzike miezi mitatu, kisha nianze upya kwa kutembea. Nikatafuta njia ya mkato. Sisi tumezoea kukiri uponyaji kabla haujafika, tukisema ndiyo imani. Jumapili ile nilimeza vidonge viwili vya maumivu, nikaja, nikakiri. Mke wangu hakupiga makofi. Tulipofika nyumbani aliniuliza, "Baba Simiyu, hiyo goti imepona ama umeinyamazisha tu?"

Mama Nasimiyu alikuwa ameketi pale pale alipoketi leo. Mnamjua, anauza vitunguu, na nyonga imemsumbua miaka mingi. Aliposikia ushuhuda wangu aliiacha fimbo yake nyuma ya mlango. Wiki hiyo hiyo akaanguka sokoni Chwele, akavunjika mkono.

Nilikwenda kumwona hospitalini. Akaniambia, "Mwalimu, imani yangu ilikuwa ndogo. Yako ilitosha, ndiyo maana ulichuchumaa."

Nikamwambia, "Mama, nilikuwa nimemeza dawa."

Akauliza, "Ngapi?"

"Mbili."

"Si ungeniambia na mimi nimeze kwanza." Akacheka mpaka mkono ukamuuma, kisha machozi yakamtoka, na hakuwa anacheka tena. "Enda useme kanisani, Mwalimu. Usiniombee. Enda useme."

Sikusema. Nilijidanganya kwamba nikimaliza marathoni, uongo utageuka kuwa kweli wenyewe, bila mimi kuaibika. Nikaendelea na mazoezi kwa nguvu za vidonge. Kila Jumapili Mama Nasimiyu alinitazama, mkono ukiwa kwenye plasta, wala hakumwambia mtu.

Siku ya mbio tulianzia Mabanga. Nilipofika kilomita ya ishirini na sita dawa ikaisha nguvu, na goti likakataa. Halikuchoka, lilikataa. Nikakaa kwenye majani kando ya shamba la miwa. Mwanamume mmoja wa bodaboda akasimama.

"Mzee, shida ni gani?"

Nilifungua kinywa ili niseme nafunga kamba ya kiatu. Nikajisikia nikisema, "Goti halijapona. Halijawahi kupona."

"Si ungesema mapema, bana," akasema. "Panda."

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponifungua. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Maneno niliyoyaogopa miezi yote ile nilikuwa nimeyasema kwa mtu nisiyemjua, naye aliyapokea kama habari za mvua. Nililia nyuma ya ile pikipiki mpaka mjini Bungoma. Watu waliojipanga kando ya barabara wakanipigia makofi, wakidhani nimeshinda kitu.

Nikatii ile miezi mitatu. Sasa nakimbia dakika moja, natembea nne. Yule kijana bado ananipa pole, na siku hizi naipokea. Huenda siku moja nitazimaliza zile kilomita, huenda nisizimalize. Lakini ilibaki safari moja fupi kuliko zote, ya kutoka kwenye kiti changu mpaka hapa mbele, na hiyo nimeikwepa mpaka leo asubuhi.

Namshukuru Mungu aliyenivumilia, na mke wangu aliyeuliza. Kama kuna mtu aliyeacha fimbo au dawa za presha kwa sababu yangu, namsihi aende akazichukue. Mungu wetu anaponya, naamini hivyo, ila hahitaji tumsaidie kwa uongo. Wewe unayeficha maumivu yako, mwendee na goti lako lilivyo. Hatakuambia uchuchumae kwanza.

Mama Nasimiyu, nimesema.