Nani Aliifunga Injini Hii? Maisha ya Fundi Zablon Elieza Kapongo

Mchungaji, wazee wa kanisa, mashehe mliotoka mjini, ndugu, majirani, na nyie mafundi mliojipanga ukutani kama mnasubiri mshahara, kwanza nilalamike kidogo, kwa sababu historia hii haikuwa ya kusomwa na mimi. Ukoo huu una walimu wawili, una karani, una kijana wa chuo kikuu, na wote tangu juzi wananijia mmoja mmoja, "Shangazi, soma wewe, sisi tutalia katikati," kana kwamba macho yangu mimi ni ya mbao, mimi niliyeishia darasa la tatu, na miwani hii nimeazima kwa mama mchungaji na inanionyesha kila herufi mara mbili. Nimeandika kwa mkono wangu, nitasoma polepole, na mwenye haraka atangulie makaburini.

Marehemu Zablon Elieza Kapongo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, kijijini kwetu upande wa Urambo, mtoto wa mwisho wa mzee Elieza Kapongo, mrina asali na mkulima wa tumbaku, na mama yetu Recheli, na mimi Levina, dada yake mkubwa, ndiye niliyembeba mgongoni, kwa hiyo nikisema alikuwa mzito na mbishi tangu siku hizo naomba niaminiwe. Baba alipokuwa akiyeyusha masega, Zablon alikaa kando ya sufuria kuangalia nta inavyogeuka maji motoni na inavyorudi kuwa jiwe ikiepuliwa, mama anamfukuza asije akaungua, anazunguka nyumba, anarudi kwa upande wa pili.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1974, akamaliza la saba mwaka 1980, hakuchaguliwa kuendelea, wala hakuna aliyelia, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutolia, maana alikuwa ameshaiona karakana ya chama cha tumbaku pale Urambo, zilikotengenezwa pikipiki za mabwana shamba, akaenda kukaa mlangoni mpaka wakachoka kumruka. Humo alifundishwa kazi na mzee Gerson, fundi aliyekuwa mkali kuliko mimi, akakaa naye hadi mwaka 1989 alipohamia Tabora mjini, na mwaka 1996 akajenga kibanda chake mwenyewe hapa Itetemia, kile cha mabati ambacho wengi wenu mmekipita mkija.

Sasa niseme kazi yake, maana wapo watakaosimama hapa kusema alikuwa mtu wa watu, na hiyo si kazi. Kazi ya Zablon ilikuwa kujua oili imekwama wapi. Pikipiki ikiletwa inagonga juu, inachemka, inatoa moshi, mafundi wengine walikuwa wakimwaga oili na kutia nyingine, wanapokea hela, wanaaga, lakini yeye alikuwa akiiwasha kwanza, anaisikiliza huku kainamisha sikio kama anayeambiwa umbea, kisha anafungua kifuniko cha juu ya injini na kutazama kama pale juu panalowana, na dereva akimwambia, "Fundi, oili nimetia juzi, ipo," alimjibu, "Sikuulizi kama ipo, nakuuliza kama inatembea." Ikiwa haifiki juu, aliifuata njia yake yote kuanzia chini, chujio, pampu, vitundu vya kupitia, mpaka apajue ilipoishia, na hakuwahi kumuuzia mtu pampu kwa sababu chujio ni chafu. Mimi sina tabia ya kumsifu mtu kwa kuwa amekufa, hilo nalisema kwa sababu nililiona.

Tarehe 5 Septemba 1992 alifunga ndoa na Apolinaria, binti wa Kikatoliki, ndoa iliyofungwa kwa Wamoraviani baada ya maneno mengi ambayo siyarudii, wakajaliwa watoto wanne, Nestory, Julieth, Modest na Leonia, wote wako hapa na wote wanajua kunawa grisi kwa unga wa sabuni na mchanga.

Hapo ndipo ninapofika mwaka 2014, na kijana wa chuo kikuu aliniambia sehemu hii niiruke, eti haipendezi msibani, lakini marehemu alinitaka niisome, kwa hiyo kijana atanisamehe.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda cha Zablon, kuna karakana ya Mustafa, Mzaramo, mjukuu wa wale waliokuja na misafara kutoka pwani, wakaona huku ugali na asali vipo, hawakurudi, kama ambavyo babu zetu nao walipandisha mizigo kichwani hadi Bagamoyo, na huko njiani ndiko Mnyamwezi na Mzaramo walikozikana na kuuguzana mpaka wakawa watani. Mustafa ni fundi, na jioni ni mpiga ngoma wa harusi, na kwa miaka yote hiyo yeye na Zablon walitukanana kuvuka barabara kuanzia asubuhi, huyu anaita, "Mpagazi, umeamka?" yule anajibu, "Nimeamka, mcheza ngoma, wewe umelala?" na siku ambayo hawakutukanana Apolinaria alidhani mmoja anaumwa.

Mwezi wa sita mwaka huo Zablon alikuwa Urambo kwenye mazishi, na nesi Zabibu, yule anayepeleka chanjo vijijini kwa pikipiki, akaona injini yake inavuja oili ubavuni, akaipeleka kwa Mustafa, uvujaji ukaisha. Zablon aliporudi, nesi alimletea abadilishe oili, akabadilisha, na kwa kuwa hapakuwa na dalili ya kuvuja hakuuliza kitu. Wiki mbili baadaye, asubuhi ya baridi ile ya Julai mnayoijua, nesi alitoka na boksi lake la chanjo, hakufika mbali, injini ikagonga, ikanoki, ikafa porini, na chanjo zikaharibika kwa joto la mchana, kina mama wakarudi na watoto wao mgongoni bila kuchanjwa.

Neno lililotembea hapa Itetemia ni kwamba Zablon aliimwaga oili akasahau kutia nyingine. Mustafa alipoulizwa alisema, "Mimi? Mimi nilikaza bolti tu." Madereva wa bodaboda waliokuwa wamejaa kwa Zablon wakavuka barabara, kibanda kikabaki na kuku, na mama mmoja muuza nyanya sokoni alimwambia Apolinaria kwamba mumewe ni muuaji wa watoto, Apolinaria akaacha nyanya alizonunua kwenye meza, akaja nyumbani, akajifungia.

Jumamosi ya tarehe 19 Julai 2014 Zablon aliomba pikipiki ile isukumwe mpaka kibandani, akamwita mwenyekiti wa mtaa, nesi, madereva wote waliomkimbia, na Mustafa, akatangaza kwamba kosa likiwa lake, spana zake zote atampa Mustafa, na yeye atarudi Urambo kulima tumbaku, na Apolinaria, aliyekuwa anapepea jiko la chai, akaacha kupepea, maana hilo la Urambo hakuwa ameambiwa.

Alianza na kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakitumbukiza, akakitoa, akampa mwenyekiti akishike mwenyewe, oili ilikuwa kwenye alama yake, kwa hiyo lile la kusahau kutia likafia hapo. Akafungua juu, juu palikuwa pakavu, chuma kimekwaruzika na kugeuka buluu kwa joto, na Mustafa akadakia, "Si mnaona, kaua! Nyie Wanyamwezi mlizoea kubeba, mambo ya kufungua tuachieni watu wa pwani!" Watu wakacheka, Zablon naye akacheka, kwa mtani huna njia nyingine, akamjibu bila kuinua kichwa, "Ngoja, mtani, chini ipo, juu haipo, imelala njiani, na njia ndefu tunazijua sisi." Akatoa pampu, akaitilia oili, akaizungusha kwa kidole, ikatema mpaka kwenye shati la mwenyekiti. Pampu nzima. Akapuliza vitundu kwa mdomo, hewa ikapita. Mwisho akatoa chujio, ule wavu mdogo wa chini, ukawa umezibwa na kitu cha njano kilichochafuka, kigumu kama sabuni ya mche.

"Oili feki hiyo," Mustafa akasema, "uliinunua wapi?"

Zablon alikikwangua kile kitu kwenye kijiko cha chai, akaenda nacho kwa mkewe, akakiweka juu ya mkaa, kikayeyuka, harufu ikapanda, na hapakuwa na mtu pale ambaye hakukua na harufu ile, hata watoto waliacha kelele, na mwenyekiti ndiye aliyesema, "Hii si nta?"

Basi macho yote yakaenda kwenye mfuko wa shati la Mustafa, kwa sababu Tabora nzima inajua kwamba Mustafa hatembei bila bonge la nta, hulibandika katikati ya ngozi ya ngoma ili ngoma iseme sawasawa. Zablon akamweleza nesi taratibu, kwamba mtu aliifunga injini kwa gasketi iliyochanika, ile karatasi ya kuziba maungio, akaiziba kwa nta, injini ikipata moto nta inayeyuka na kuzunguka na oili, ikipoa usiku nta inaganda kwenye chujio, na asubuhi ya baridi oili inataka kupanda, mlango umefungwa.

Mustafa alitoa jasho, akasema, "Gasketi zilikuwa zimekwisha mjini, nta ninayo, na kwani ilivuja tena? Haikuvuja!" Hakuna aliyecheka. Akajaribu mlango mwingine, akafungua mikono, "Jamani, si utani tu huu? Mtani hakasirikiwi!"

Na hapo alikuwa ameshika penyewe, maana mtani kweli hakasirikiwi wala hashitakiwi, ndivyo tulivyokubaliana tangu njia ya Bagamoyo, na wazee wakaanza kukuna vichwa. Injini Mustafa aliifufua mwenyewe kwa vifaa vyake, Zablon kasimama nyuma yake akimwambia, "Futa tena, mcheza ngoma," lakini jina la mtu halina vipuri dukani, wazee wakamuuliza Zablon anataka nini. Akafikiri, akasema, "Amesema ni utani, basi atalipa kwa utani. Siku nikifa mimi, huyu atanyamaza."

Watu walicheka sana siku ile, Mustafa kuliko wote, walikuwa wazima wote wawili. Vijana mnaokulia mijini niwaambie, mtani msibani ndiye mwenye msiba, yeye huigiza marehemu alivyotembea, huvaa kofia yake, huzuia jeneza, huingia kaburini akalala na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, na Mustafa hana mpinzani katika kazi hiyo, mmemwona kwenye misiba ya watu, wafiwa wanacheka huku kamasi zinawatoka.

Kuanzia siku hiyo madereva walirudi kibandani, Zablon hakuwauliza walikuwa wapi, ila kila pikipiki iliyoletwa, kabla ya salamu, aliuliza, "Nani aliifunga injini hii?" na matusi ya kuvuka barabara yakarudi kama kawaida.

Novemba 2023 alianza kuvimba miguu, akaenda hospitali hapa Kitete, akaambiwa ni figo, yeye akamwambia daktari, "Sema chujio, nitaelewa," na akatibiwa kwa uangalifu mkubwa, akipata nafuu, akizidiwa, akirudi kibandani kukaa tu kwenye kiti na kusikiliza wengine wakikosea. Mwezi wa nne mwaka huu alilazwa tena, na Mustafa alikuwa akija kila siku na uji, na siku moja, nipo pale, aliweka kikombe chini, akasema, "Mtani, nifungulie. Nitakuzikaje bila neno? Nitapasuka." Apolinaria akasema, "Mwachie, baba Nestory." Zablon akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Utakaa pale, maneno yako tele tumboni na hayapandi mdomoni, ndipo utajua ile injini ilisikiaje." Akanigeukia, "Dada, utaisoma hiyo."

Alifariki Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia bila kuchoka, nesi Zabibu aliyesimamia dawa zake kama za baba yake, majirani wa Itetemia mliopika na kukesha, akiwemo yule mama wa nyanya, ambaye amekuja na tenga zima, nasi hatukumuuliza, na mafundi na madereva mliofunga kazi leo.

Mustafa tangu jana amechimba kaburi, amebeba maji, amepanga viti, na kila Mzaramo anayeingia anamuuliza, "Mbona kimya, Mustafa, leo si siku yako?" naye anatikisa kichwa. Jana jioni watoto wa marehemu walinijia wakitaka nimfungulie, nikawaambia neno si langu. Yule pale benchi la tatu, kofia ya marehemu ipo kwenye kiti mbele yake na hajaigusa, mkono umo mfukoni, nimemwona kwa miwani hii ya kuazima anafinyangafinyanga bonge lake la nta, na midomo ameifumba.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu Zablon. Kaburi lako litafukiwa bila mtu kulala ndani yake kwanza, na Mzaramo wako analipa.