Mikono Iliyoitwa Michafu

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, katika chumba cha nyuma cha duka la baba la kushona suti, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Alikuwa mbishi tangu utotoni. Baba akimwambia kitambaa ni cheusi, yeye alikitoa nje juani kwanza ndipo akubali.

Alisoma shule za mtaani kwetu, kisha kemia chuo kikuu. Alihitimu uzamili mwaka 1997 na kuajiriwa katika maabara ya Profesa, ambaye leo yuko nasi mstari wa mbele. Karibu, Profesa. Kaa, usiwe na haraka.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za seli zilizotiwa rangi inayong'aa. Mwaka 2004 aligundua kwamba rangi ile ikimulikwa na mwanga ulio jirani na wekundu, ule usioonekana kwa macho, molekuli yake hukatika kipande, ikawa rangi nyingine kabisa na kung'aa pasipotakiwa. Profesa alimjibu mbele ya watu, "Una mikono michafu wewe. Umechanganya chupa." Jina likamganda korido nzima: Mikono Michafu. Hakulia. Aliigawa rangi ya chupa moja katika mbili; moja akaifunga kwa foili isipate mwanga, nyingine akaimulika. Iliyofungwa haikubadilika. Profesa alizitazama moja moja. Mwaka uliofuata akautangaza ugunduzi kwa jina lake peke yake, na dada akafukuzwa kwa uzembe.

Siku hiyo fundi wa majokofu wa maabara alimsaidia kubeba vitu vyake. Akaitazama mikono yake, akasema, "Mbona mimi naiona safi?" Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 2006. Dada akafundisha sekondari, na kila mwaka alichora chupa mbili ubaoni na kumtaja Profesa kwa jina kamili. Ilimfurahisha sana.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Wodini aliomba jambo moja tu: "Profesa aalikwe. Mumsomee wasifu wangu akiwa amekaa." Alifariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2023, mumewe akiwa ameishika mikono hiyo.

Ameacha mume, mabinti wawili, wadogo zake wawili, na wanafunzi wengi wanaoijua habari hii. Msamaha hakuuacha, alisema tusimzushie.

Dada, pumzika kwa amani, mikono yako ni safi. Profesa, wewe bado hatujakuruhusu kupumzika.