Zerisenay, Aliyeitwa kwa Miezi Kumi na Minane

Baba zetu mapadri, wazee wa kijiji, majirani na wote mliopanda mlima huu kuja kutuhani, familia imenichagua mimi, Tekie, kaka yake mkubwa, niwasomee maisha ya ndugu yetu Zerisenay Habtezghi, nanyi mtuvumilie pale tutakapoyumba, maana mengine hata sisi hatuyaelewi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1977 hapa hapa Adi Hwarya, akabatizwa katika kanisa hili, akasoma shule ya kijiji, kisha sekondari Mendefera, ambako hesabu ilimpenda naye akaipenda, hadi Julai 1996, alipoitwa jeshini kwa mujibu wa sheria, kwa miezi kumi na minane.

Kuhusu kazi, tulibishana jana kutwa, kwa kuwa wengine walitaka isomwe kwamba alikuwa askari, na ni kweli alipigana vita vya mpakani akarudi na risasi begani, wengine wakasema alikuwa fundi mwashi, na hilo nalo ni kweli, kwani vita vilipokwisha hakuachiwa, alipelekwa kujenga mabwawa, barabara na nyumba za watu asiowajua, wakati ya kwake hapa imebaki kuta tatu.

Tarehe 28 Januari 2001, akiwa likizo, alifunga ndoa takatifu na Letehiwet, wakajaliwa Rahwa, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba mwaka huo huo, na Natnael, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 2009, wote wawili baba yao akiwa mbali.

Julai 2018 amani na nchi jirani tuliyopigana nayo ilipotangazwa, kengele zilipigwa, Letehiwet akapika suwa ya kumpokea mumewe, pombe ikachacha hajaonekana, na mwezi uliofuata akaja kuchukuliwa Rahwa, kumalizia darasa la kumi na mbili katika kambi ya jeshi, kama sheria inavyotaka, tukabaki tunatazamana, tusijue amani ile ilikuwa ya nani.

Huko kambini, Rahwa alikuwa akiteka maji na wenzake, akasikia sauti anayoijua kwenye ukuta uliokuwa ukijengwa.

“Dada, sogea, udongo utakurukia.”

“Baba.”

“Baba yako yuko wapi?”

“Si wewe! Mimi Rahwa, wa Letehiwet.”

Zerisenay akacheka, akawaambia mafundi wenzake, “Msikieni huyu! Rahwa wangu yuko darasa la sita.”

“Hilo lilikuwa zamani, Baba. Nitazame.”

Alimtazama, akashuka ukutani, akamshika mashavu kwa mikono yenye saruji, akauliza, “Sasa nani kabaki na mama yako?” kisha akakaa chini, na wenzake wanasema siku ile hakuinuka tena kufanya kazi.

Maumivu ya kichwa yalianza karibu na hapo, ikaonekana ni uvimbe, na tarehe 2 Juni 2019 aliletwa nyumbani, akiambiwa apumzike kwanza, basi kila asubuhi alifunga kamba za viatu, akamuuliza mkewe, “Likizo yangu inaisha lini?”

“Haiishi, wewe kunywa kahawa.”

“Nani kasema haiishi?”

Letehiwet akammiminia kahawa nyingine, nasi hatujui mpaka leo, maana hakuna aliyetuambia kwamba ameachiwa. Mauti yalimfika tarehe 6 Februari 2020, akiwa na miaka arubaini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mendefera na Asmara, majirani mliombeba kwa zamu hadi barabarani, akina mama mliooka mikate ya taita usiku kucha, na mafundi wenzake mliopata ruhusa ya kuja.

Rahwa, mwanangu, umeruhusiwa mpaka saa nane na gari lile la kambini linakungoja wewe, kwa hiyo njoo umwage udongo kabla yetu sote, baba yako hatakasirika ukiondoka.

Pumzika kwa amani, Zerisenay, pumzika kabisa.