Yeremia Paulo Chenge na Kipande Chake cha Dakika Moja

Wazee wetu, wachungaji, majirani zetu wa Kiseke, na ninyi ndugu mliovuka maji kutoka Sengerema, shikamooni wa kuamkiwa shikamoo, na poleni wote. Mimi ni Dorotea Masalu, bibi mzaa mama wa Yeremia, shule sikuiona, kwa hiyo haya nimeyasema kwa mdomo, mjukuu wangu Gladness ameyaandika na ndiye anayewasomea, na nimemwambia asilainishe neno hata moja. Nina hasira, na sababu ya hasira yangu iko kwenye hizo ratiba mlizoshika, pale palipoandikwa "Safari ya Mwisho, wimbo wa Y. P. Chenge, umekamilishwa na Mwalimu Machibya", maana mjukuu wangu hakuacha kitu cha kukamilishwa, na leo nataka azikwe kwa muziki wake kama alivyouandika mwenyewe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1993 huko Sengerema, mtoto pekee wa marehemu Paulo Chenge na binti yangu marehemu Wilhelmina, na kabla hajatimiza mwaka vidole vyake vilivimba, tukaambiwa ana selimundu, ule ugonjwa wa damu uliomchoma mifupa mpaka juzi. Mama yake alipofariki mwaka 1998 nilimbeba mgongoni nikavuka naye kwa feri, nikamleta hapa Mwanza, ambako nilikuwa napika na kupiga pasi nyumbani kwa mama Jasuben, pale Makoroboi, kazi niliyoifanya miaka ishirini na miwili.

Alianza darasa la kwanza mwaka 2000, akamaliza la saba mwaka 2006 na kidato cha nne mwaka 2010, lakini shule yake nyingine ilikuwa sebule ya mama Jasuben, ambako kulikuwa na piano isiyoguswa na mtu tangu mzee wa nyumba afariki, pamoja na santuri za jazi za Wamarekani ambazo mzee alizipenda kuliko chakula. Siku ya kwanza nilipomsikia anaigonga ile piano nilitoka jikoni mbio na mikono yenye unga, nikijua kazi imekwisha, nikamkuta mama Jasuben amesimama mlangoni, akaniambia, "Mwache, Dorotea, anagonga kama mtu aliyeangusha kitu humo ndani, akikipata atanyamaza," na hakukipata, namshukuru Mungu. Mama huyo alipohama mwaka 2015 kwenda kuishi kwa wanawe alimwachia piano, wanaume wanane wakaibeba mpaka humu sebuleni, na ndiyo hiyo mnayoiona kupitia mlango ulio wazi.

Kuanzia mwaka 2011 marehemu alikuwa fundi wa vinanda na spika, akirudi nyumbani anatunga. Ametunga vipande arobaini na kimoja vya piano, vyote vifupi, hakuna kinachofika dakika mbili, akaviita kwa majina ya vitu tunavyoishi navyo, Pasi ya Mkaa, Bata wa Jirani, Ukoko, na ndani yake mna zile sauti za jazi zinazokaa pembeni kidogo ya pale unapozitegemea, kama mgeni anayekalia nusu ya kiti.

Mwaka 2017 alijiunga na kikundi cha watunzi saba, wanaokutana Kirumba kila Jumamosi ya pili ya mwezi, na utaratibu wao ni kwamba mwenye kazi anaipiga, kisha anafunga mdomo, wenzake wanasema, naye anaandika kwa penseli pembeni ya karatasi yake. Yeremia aliandika yote, na tarehe, na jina la aliyesema, na jana usiku Gladness amenisomea daftari zima, "Ongeza", "Maneno yako wapi?", "Hii jazi gani isiyo na gitaa, isiyochezeka?", "Dakika moja? Hata koti mtu hajavua!", na kwenye karatasi baada ya karatasi, kwa miaka minane, jina la Machibya na neno moja, "Haijaisha". Akirudi nilikuwa namuuliza wamesemaje, ananijibu, "Bibi, wamesema haijaisha," halafu anacheka, lakini chakula hagusi.

Siku moja walisema yeye akiwa palepale, eti anaandika vifupi kwa sababu ya ugonjwa, mgonjwa huyu hana pumzi. Mtu aliyekuwa anakaa kwenye piano saa tano mfululizo akihamisha sauti moja mbele na nyuma! Nilimkuta akiifanya kazi hiyo, nikamwambia pumzika baba, akanijibu, "Bibi, kirefu ningeshamaliza jana."

Msidhani nachukia mtu kukosolewa. Mimi mwenyewe sikumsaidia kitu, kila alichonipigia nilisema kizuri, mpaka akanitania, "Bibi, wewe hata mtu akigonga mlango unasema kizuri." Lakini alikuwapo mwenzao mmoja, Zahabia, huyu binti aliyekaa karibu na piano, ambaye aliwahi kumwambia mbele ya wote, "Kwenye Ukoko mkono wako wa kushoto unaingia mapema mno, tuache kwanza tuanze kuwa na wasiwasi, ndipo uingie," na mjukuu wangu alirudi siku hiyo ananiita kutoka barabarani, "Bibi, leo nimesikilizwa!", akafuta, akaandika upya, akala sahani mbili.

Marehemu alifunga ndoa na Precious Jumamosi tarehe 7 Desemba 2019, wakajaliwa binti mmoja, Nyamizi, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 2021, naye mnamwona pale kwa mama yake, hajaelewa bado. Mwaka huu, tarehe 29 Julai, maumivu yalimshika kifuani, akalazwa hospitali ya rufaa, akaongezewa damu mara tatu, na Jumapili tarehe 17 Agosti 2025, saa nne asubuhi, akafariki nikiwa nimemshika mguu, akiwa na umri wa miaka thelathini na miwili.

Jumatatu Machibya alikuja kutoa pole, akaomba daftari, Precious akampa bila kuuliza, machozi hayamruhusu mtu kuuliza. Jana mchana nikasikia wanafanya mazoezi hapo uwanjani, wimbo wa dakika sita, beti tatu na kiitikio, mara ndege ameruka, mara mshumaa umezimika, na chini ya yale maneno nikamsikia Yeremia, nikasema, huyo si Ukoko huyo, mmempeleka wapi?

Nililitaka daftari. Mimi kusoma sijui, nasaini kwa kidole gumba, lakini kitu kimoja mjukuu wangu alinifundisha, kwamba mwisho wa kipande unachorwa mstari mwembamba na mwenzake mnene, akaniambia, "Bibi, ukiiona hii ujue imekwisha, watu waende nyumbani." Nikatafuta ile mistari kwenye Ukoko, sikuiona, palikuwa na wino mweupe wa kufutia, mbichi bado, na Mwalimu Machibya, mwenye vyeti ukutani, akanieleza kwa upole kama anayembembeleza mtoto, "Bibi, tunampa heshima, watu watasemaje mtunzi akiagwa kwa dakika moja?" Watasema dakika moja, Machibya! Popote ulipokaa nakuona, wala usiangalie viatu. Miaka minane ulimwambia haijaisha, akiwa hai akakukatalia, umengoja afumbe macho ndipo umfutie mwisho wake!

Zahabia amekaa na wembe leo tangu asubuhi, akikwangua taratibu, na mistari yote miwili imetoka. Kwa hiyo ratiba imebadilika, makaratasi ya Safari ya Mwisho yaingie mifukoni, wimbo huo hautaimbwa hapa wala kaburini Kisesa, na nikimaliza Zahabia atapiga Ukoko mara moja, dakika moja na sekunde kumi, kisha vijana wabebe jeneza.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku kumi na tisa, majirani mliopika na kulala hapa chini na sisi, mafundi wenzake mliofunga duka kwa ajili yake, na mama Jasuben aliyepiga simu akalia mpaka salio likaisha. Watunzi wenzake, nawashukuru kwa turubai na viti, kwa masikio nitawashukuru siku mtakapoyaleta.

Pumzika, ng'wanawane, mwanangu, hakuna atakayekuongezea neno.