Simu ya Kumwamsha Marehemu

Saa nane na dakika tano mchana, basi la kwenda Al Ras, mtaa wa Dubai, lilikuwa na abiria tisa. Dancan, aliyekuwa mlinzi, aliwahesabu kwa mazoea ya kazi. Mbele yake mpokea simu wa hoteli, Robinah kwa mujibu wa kitambulisho chake, alikuwa akimsimulia jirani yake habari za mwimbaji aliyefia chumbani.

"Alikuwa na wafuasi milioni tatu, kaka. Jumatano aliniuliza kwenye simu kama Mungu atamhukumu. Nikamjibu, 'Nani akuhukumu, sir? Dunia nzima inakupenda.'"

"Nawe eti umeokoka," jirani alisema. "Umemsindikiza motoni kwa adabu."

"Alhamisi akafa. Ijumaa jina lake lilikuwa bado kwenye orodha ya wageni wa kuamshwa kwa simu saa kumi alfajiri. Nikapiga bila kufikiri. Ikapokelewa."

"Ni wasafishaji hao, dada."

"Polisi walifunga chumba, wakaondoka na funguo."

Dancan aliacha kujifanya anatazama nje.

"Mtu hufa mara moja, kisha hukumu," jirani alisema polepole. "Katikati hakuna simu."

"Aliniuliza swali lile lile."

"Safari hii ukamjibu nini?"

"Nilikata."

Basi lilisimama. Robinah akachukua mkoba wake, akashuka.