Kamba ya Mwalimu Peres

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Alhamisi iliyopita Mwalimu Peres Awiti alituacha, akiwa na miaka hamsini na mmoja. Alifundisha darasa la pili kule Mutuini. Darasa la pili, wasikilizaji, watoto wa miaka saba.

Mwaka 2004 darasa lake lilikuwa na watoto themanini na watatu. Siku moja Peres aliingia na kamba ya katani na makasi. Akakata nusu, akaiweka kando. Akakata nusu ya iliyobaki. Akauliza, "Tukiendelea hivi, kamba itaisha?" Hesabu hiyo wengine huikuta chuo kikuu! Msichana mmoja, Syombua, akajibu, "Haiishi, Mwalimu. Ni macho yetu itachoka."

Dirishani alisimama mwalimu mkuu, Mzee Waweru. Jibu lile lilimfurahisha, mwenyewe anakiri. Lakini mkaguzi alikuwa anakuja Jumatatu, na Waweru alipima kazi ya mwalimu kwa tiki nyekundu. Akaingia, akafungua daftari la mtoto. Jeupe pe!

"Madam, hapa hakuna kitu. Inspekta akikuja nimwonyeshe kamba?"

"Nipe kila Ijumaa tu, Mwalimu. Dakika kumi na tano."

"Haiko kwa silabasi. Rudi kwa kuzidisha."

Akarudi. Miaka mitano watoto waliimba mbili mara mbili, madaftari yakajaa tiki, Waweru akasifiwa. Ivyne, bintiye Peres, anasema, "Mama hakulalamika. Aliacha tu kutuambia vile siku ilikuwa."

Waweru alistaafu mwaka jana. Majuto ni mjukuu, yakamfikia nyumbani. Wiki mbili zilizopita alimtembelea Peres hospitalini, Parklands, amepania kuomba msamaha. Akazungumzia mvua. Akazungumzia msongamano wa magari Waiyaki Way. Peres akamuuliza, "Syombua alifika darasa gani?" Waweru hakujua. Akaona haya, akaaga, akaahidi kurudi Jumapili. Jumapili akapata wageni. Alhamisi Peres akafariki.

Jana mzee alinipigia simu akilia. "Niombee msamaha kwa redio." Nilimhurumia, wasikilizaji, lakini nilikataa. Nilimwambia kosa nitalisimulia, msamaha aombe mwenyewe, mazishini Jumamosi, mbele ya Ivyne. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na wakikataa kunisikiza?"

Nikamtajia saa ya mazishi.

Ivyne na jamaa wote, poleni sana. Nawe unayesikiliza, uliyemkosea yuko hai bado? Basi zima redio, uende.